Kapasita si betri: Jinsi umeme wa muziki unavyoweza kumwacha nahodha baharini

MUZIKI wa mdundo mzito umekuwa sehemu ya safari nyingi za burudani majini nchini Kenya. Kuanzia Lamu hadi Shimoni, na hata katika maziwa ya Victoria na Naivasha, si ajabu kusikia besi ikivuma juu ya maji kabla ya boti yenyewe kuonekana.

Aghalabu mmiliki anayetaka kuwavutia watalii au vijana wa mwishoni mwa wiki hununua amplifaya yenye nguvu na spika kubwa, kisha humwita fundi azifunge. Siku chache baadaye malalamishi huanza. Kila mdundo unapopiga, taa hufifia, sauti hukwaruza na wakati mwingine amplifaya hujizima yenyewe.

Dawa anayopendekezewa mara nyingi ni kapasita. Chombo hiki chenye umbo la mkebe huuzwa katika maduka ya vifaa vya muziki wa magari, na kwa miaka mingi kimekuwa kikifungwa katika matatu zinazoshindana kwa sauti.

Je, kapasita huongeza umeme botini? Jibu ni la. Kazi yake ni kuhifadhi kiasi kidogo mno cha umeme na kukitoa upesi kinapohitajika. Anayeielewa kazi hiyo atanufaika nayo. Anayeidhania kuwa betri ya pili anaweza kujikuta katikati ya bahari, jua likizama, na mashine isiyowaka.

KAPASITA NI NINI?

Kapasita ni chombo cha zamani. Mnamo 1745, Mjerumani Ewald Georg von Kleist aligundua kwamba umeme ungeweza kuhifadhiwa ndani ya chupa. Mwaka uliofuata, mwanasayansi Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, alitangaza matokeo kama hayo, na chombo hicho kikaja kujulikana kama chupa ya Leyden.

Kipimo cha uwezo wa kapasita huitwa faradi, kwa heshima ya Mwingereza Michael Faraday (1791-1867) ambaye utafiti wake ulikuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya umeme.

Ndani ya kapasita mna tabaka mbili za kitu kinachopitisha umeme, na kati yake pana kitu kisichoupitisha. Inapounganishwa na betri, chaji hujikusanya juu ya tabaka hizo na kusubiri.

Hapo ndipo inapotofautiana na betri. Betri hutoa umeme kutokana na mabadiliko ya kemikali, na mabadiliko hayo yana kasi yake. Kapasita haihitaji kemikali kubadilika ili itoe umeme, hivyo huuachilia mara tu unapohitajika.

Mfano wa kisima na kata unaweza kusaidia. Betri ni kisima: kina maji mengi, lakini kuyateka huchukua muda. Kapasita ni kata iliyojazwa na kuwekwa karibu na mnywaji. Huyapata maji papo hapo, ila akishapiga funda moja, kata huwa tupu na ni lazima irudishwe kisimani.

HESABU HAIDANGANYI

Kapasita ya faradi 1, ambayo mafundi wengi hupendekeza kwa kila wati 1,000 za muziki, ikijazwa hadi volti 12.6 huwa na nishati ya takriban jouli 79.

Betri ya kawaida ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa huwa na jouli zaidi ya milioni 4. Kwa maneno mengine, kapasita hiyo hubeba chini ya sehemu moja ya elfu 50 ya nishati iliyo katika betri moja.

Isitoshe, si jouli zote 79 zinazoweza kutumika. Amplifaya huanza kulalamika volti zinaposhuka, na kiasi ambacho kapasita hutoa kabla ya volti kushuka kutoka 12.6 hadi 11.6 ni jouli 12 pekee. Ikiwa amplifaya inavuta ampea 100, jouli hizo humalizika kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Muda huo waweza kuonekana hauna maana, lakini kwa muziki una maana. Mdundo wa besi wa hezi 50 hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Amplifaya huvuta umeme kwa mafungu mafungu kuufuata, na kapasita iliyo karibu nayo hutoa kila fungu linapohitajika, kisha hujijaza tena kabla ya fungu jingine.

Kwa hivyo kapasita inaweza kulainisha mtikisiko mfupi wa umeme, kupunguza kufifia kwa taa na kuifanya besi isikike safi zaidi. Lakini mdundo ukivutwa kwa sekunde nzima, au betri ikiwa tayari imechoka, kapasita haina la kufanya. Hugeuka kuwa mzigo mwingine unaosubiri kujazwa na betri ile ile.

BOTI SI MATATU

Ufundi wa muziki wenye mdundo mkubwa umekomaa katika matatu, na ni rahisi kuuhamishia botini bila kubadilisha chochote. Hata hivyo, kuna tofauti tatu ambazo fundi hana budi kuzizingatia.

Kwanza, mwili wa matatu ni wa chuma. Fundi huvuta waya mmoja mnene kutoka ncha chanya ya betri hadi kwenye amplifaya, na umeme hurudi kwa kupitia mwili wa gari. Boti ya mbao au ya fibaglasi haipitishi umeme, hivyo ni lazima uvutwe waya wa pili wa kurudi, wenye unene ule ule. Safari ya umeme huwa mara mbili.

Chukulia betri iko tezini, karibu na mashine, na amplifaya imefungwa mita 5 kuelekea omo. Umeme utasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Ikiwa waya ni wa shaba wenye unene wa milimita 10 za mraba, na amplifaya inavuta ampea 100, takriban volti 1.7 zitapotelea njiani. Volti 12.6 zilizotoka kwenye betri zitafika zikiwa chini ya 11.

Waya wa milimita 25 za mraba utapoteza volti 0.7 tu, na ule wa milimita 50 utapoteza chini ya 0.4. Kwa boti nyingi, fedha za kununulia kapasita zingefanya kazi kubwa zaidi kama zingetumiwa kununulia waya mnene, au kama amplifaya ingesogezwa karibu na betri.

Pili, altaneta ya matatu huweza kuzalisha ampea 70 au zaidi, na injini yake hunguruma karibu siku nzima. Mashine nyingi za boti zenye nguvu-farasi 40 hadi 60 hazizidi takriban ampea 20, tena zinapokimbia kwa kasi. Zikienda polepole huzalisha pungufu ya hapo.

Aidha, boti ya burudani hupiga muziki zaidi wakati ambapo haiendi. Nahodha hutia nanga karibu na fungu la mchanga au ndani ya mwamba, huzima mashine, na wageni huogelea huku muziki ukiendelea. Kwa saa hizo zote hakuna kinachoijaza betri.

Tatu, bahari ina chumvi. Maungio ya waya yasiyozibwa vyema huota kutu ya kijani, na kila tone la kutu huongeza ukinzani na kupunguza volti. Waya unaofaa majini ni wa shaba iliyopakwa bati, na kila ungio hufunikwa kwa mpira unaojibana unapopashwa moto.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Kabla ya kutoa fedha, mmiliki anaweza kuutambua ugonjwa wenyewe kwa mita ya kawaida ya umeme. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu. Ikiwa chini ya 12, inakaribia kuisha. Mashine ikinguruma na kuchaji ipasavyo, kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.4.

Hatua inayofuata ni kupiga wimbo wenye besi nzito na kupima sehemu mbili: kwanza kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za amplifaya.

Ikiwa volti za betri zinabaki imara lakini za amplifaya zinaporomoka, tatizo liko njiani: waya mwembamba, fyuzi mbovu au ungio lenye kutu. Kapasita inaweza kuficha dalili kidogo, lakini maradhi yatabaki.

Ikiwa volti zinaporomoka kwenye betri yenyewe, basi betri ni ndogo, imezeeka au haikujazwa. Hapa pia kapasita haitibu kitu.

Ikiwa sehemu zote mbili zinaonyesha volti nzuri, na kinachobaki ni kufifia kidogo kwa taa mdundo unapopiga, hapo kapasita yaweza kuwa na faida. Kwa kifupi, kapasita huja mwisho, baada ya betri nzuri, waya mnene na maungio safi.

Anayeamua kuinunua ajihadhari pia na lebo zinazotia chumvi. Kuna njia nyepesi ya kuihakiki. Kapasita ijazwe kutoka betri ya volti 12.6 kupitia rezista ya omu 30 inayostahimili wati 10. Kapasita halisi ya faradi 1 itafika karibu volti 8 baada ya nusu dakika. Ikifika hapo kwa sekunde 5, basi uwezo wake ni takriban sehemu moja ya sita ya ulioandikwa.

BETRI YA MASHINE ISIGUSWE

Jambo lililo zito kuliko ubora wa sauti ni usalama. Katika boti nyingi ndogo kuna betri moja tu. Betri hiyo ndiyo huwasha mashine, huwasha taa za usiku, huendesha pampu ya kutoa maji ngamani na kuipa nguvu redio ya mawasiliano. Inapoongezwa amplifaya, vyote hivyo huanza kugombania kisima kimoja.

Chukulia muziki unavuta wastani wa ampea 20. Betri ya ampea 100 kwa saa itafika nusu kwa muda wa saa mbili na nusu. Ikiwa ni betri iliyokwishazeeka, muda huo utakuwa mfupi zaidi. Stata ya mashine huhitaji mkondo mkubwa kwa sekunde chache, na betri iliyonyonywa hushindwa kuutoa.

Hatari ni kwamba muziki unaweza kuendelea kulia vizuri hata pale betri ilipokwishapoteza uwezo wa kuzungusha stata. Tena, kapasita inayoifanya besi isikike safi huweza kumwondolea nahodha dalili ya kwanza ya onyo, yaani kufifia kwa taa.

Baharini, mashine isiyowaka si usumbufu tu. Maji yakianza kupwa, boti inaweza kukokotwa hadi mwambani. Msimu wa kusi, upepo na mawimbi hubadilisha mambo kwa muda mfupi. Redio ya VHF ya wati 25, ambayo nahodha huitumia kuomba msaada kupitia chaneli 16, huhitaji takriban ampea 5 hadi 6 inaporusha sauti. Betri iliyokufa huizima pia.

Suluhisho linajulikana na si gumu. Boti iwe na betri mbili. Ya kwanza iwe ya mashine, redio na pampu pekee. Ya pili iwe ya muziki na starehe nyinginezo, na ikiwezekana iwe ya aina inayostahimili kutumiwa kwa saa nyingi na kujazwa tena. Betri ya kuwashia mashine ina sahani nyembamba, nayo huharibika upesi ikizoeshwa kumalizwa.

Kati ya betri hizo huwekwa swichi maalumu inayoziunganisha wakati mashine inachaji na kuzitenganisha mashine inapozimwa. Kwa njia hiyo, muziki ukimaliza umeme wake, kitakachonyamaza ni spika tu.

Mmiliki asiye na uwezo wa kununua betri ya pili anaweza kuanza na nidhamu: mita ya volti iwekwe mahali nahodha anapoiona, na muziki uzimwe kipimo kinapofika 12.2 baada ya kupunguza sauti na kuiacha betri itulie kidogo.

CHECHE NA PETROLI

Kapasita tupu inapounganishwa moja kwa moja na betri huvuta mkondo mkubwa ghafla na kutoa cheche. Ndani ya gari barabarani, cheche hiyo humshtua fundi tu. Ndani ya boti ya petroli inaweza kuua.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia ngamani, mahali ambapo upepo haufiki. Gesi ya kupikia nayo ni hivyo hivyo. Cheche moja yatosha kulipua kilichojikusanya huko.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kuunganisha ifanywe boti ikiwa imefunguliwa ipitishe hewa, tangi la mafuta likiwa limefungwa au kuondolewa, na betri ikiwa imetenganishwa hadi mwisho. Kapasita yenyewe ikiwezekana ijazwe polepole ufuoni, kupitia rezista au balbu ndogo, hadi volti zake zikaribiane na za betri. Baada ya hapo, kuiunganisha hakutoi cheche kubwa.

Kama mashine na tangi la petroli viko ndani ya sehemu iliyofunikwa, amplifaya, swichi na kapasita zisiwekwe humo, isipokuwa ziwe zimetengenezwa mahususi zisitoe cheche nje.

Ncha chanya na ncha hasi zisichanganywe. Kapasita ikiunganishwa kinyume hupata joto, huvimba na huweza kupasuka. Vile vile, ikumbukwe kwamba kapasita hubaki na chaji hata baada ya betri kuondolewa. Spana au pete ya kidoleni ikigusa ncha zote mbili kwa pamoja itapata moto papo hapo na kumchoma fundi.

Fyuzi nayo si pambo. Iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, ndani ya sentimita 18 au pungufu, ili waya ukikwaruzwa na kugusana na mwenzake, fyuzi ikatike kabla ya waya kushika moto. Fyuzi iliyowekwa kando ya amplifaya pekee huilinda amplifaya, lakini huuacha waya mzima ukiwa hatarini.

Kapasita yenyewe ifungwe karibu na amplifaya, umbali usiozidi nusu mita, kwa kuwa faida yake hupotea waya unaporefuka. Ifungwe imara isirukeruke mawimbi yanapopiga, na iwe juu ya kiwango ambacho maji ya ngama yanaweza kufika. Zenye kioo cha kuonyesha volti hunyonya umeme kidogo kidogo, hivyo boti inayokaa wiki kadhaa bila kazi inapaswa kuwa na swichi ya kuukata.

NJIA NYINGINE ZA KUOKOA UMEME

Kwa anayeanza upya, kuna njia za kupata sauti kubwa bila kuitesa betri. Amplifaya za kidijitali za daraja D hugeuza asilimia 80 au zaidi ya umeme kuwa nguvu ya sauti, ilhali zile za zamani za daraja AB hupoteza karibu nusu kwa joto. Kubadilisha amplifaya peke yake kunaweza kupunguza mzigo kuliko kapasita yoyote.

Spika zenye usikivu mzuri husaidia pia. Spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 hutoa sauti ile ile kwa kutumia nusu ya wati. Mnunuzi anayeangalia wati pekee kwenye kasha mara nyingi hununua njaa ya betri.

Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umeme wa botini nao, hata ukizungushwa wapi, marejeo yake ni kwenye betri. Kapasita inaweza kuupanga vizuri umeme uliopo, lakini haiwezi kuleta usiokuwepo. Mmiliki wa boti anayepanga kununua kapasita na aulize kwanza: baada ya saa mbili za muziki nanga ikiwa chini, je, mashine itawaka kwa mara ya kwanza? Kama hana hakika, fedha hizo zianze kwa betri ya pili.